Mstari Uliotokea Jioni

6 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na nguvu kidogo, na kwamba goti limepunguza kuuma. Mimi mwili mzima. Naituma kwa mkono wa Tari, yule wa kanisa la chini, anayerudishwa nyumbani kwa sababu ya mgongo. Nimemwambia asimpe mtu mwingine yeyote.

Nisamehe, Mama, kwamba sikuwepo mlipomzika mume wangu Ansen. Rolan aliponipigia simu kwamba lori la magimbi limeteleza mlimani na ndugu yake hayupo tena, mlikuwa mmeshachimba. Ndege ilikuwa ya siku tatu mbele. Msimamizi alisema naweza kukaa nyumbani siku mbili. Nyumbani alimaanisha hapa hapa Australia, kwenye hii nyumba ya wachumaji wa machenza. Tuko wanawake sita, bafu moja, kuta za mbao nyembamba. Ukilia, watu watano wanalia nawe wala hukuwaomba. Kwa hiyo nalia bafuni huku nimefungulia maji, mpaka Neti wa kisiwa cha Malekula agonge mlango na kusema, "Dada, wewe samaki? Toka, na sisi tuna miili."

Siku nilipoondoka, pale uwanja wa ndege, Ansen alinitia kijiko chake mfukoni. Alisema vijiko vya ugenini ni vidogo, watu wa huko hula kama wanaonja. Basi nakula nacho. Kimepinda kidogo pale alipokuwa akikung'uta sufuria.

Kuna jambo siwezi kulisema kwenye simu, maana simu iko kwa Rolan, na Rolan ni shemeji yangu. Wewe mwenyewe ungenikemea nikitaja mambo ya wanawake mbele yake. Mama, sijaona siku zangu tangu nilipokuwa huko. Za mwisho zilikwisha kabla ya ile mvua iliyobomoa choo. Zilitakiwa zije katikati ya Machi. Leo ni wiki tatu.

Sijamwambia mtu. Labda ni hivyo, labda sivyo. Naogopa hata kuliandika.

Mimi mkweo na mwanao,
Marelin


20 Aprili

Marelin mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, hulalamika mvua inapokuja, na siku hizi mvua haiondoki. Nashukuru kwa kusikia mwili wako mzima. Hukuandika habari za moyo, nami sikuulizi.

Tari aliileta barua mpaka jikoni, akakaa akingoja niisome. Nikamwambia, "Mgongo wako unauma, nenda kalale." Akasema, "Hauumi nikikaa." Nikamwambia, "Basi na mimi macho hayaoni mtu akinitazama." Ndipo akaondoka.

Juzi tulipika chakula cha siku ya thelathini. Laplap la magimbi ya kukunwa, lililookwa ndani ya majani, tui jingi, kama alivyolipenda, na pembe zilizoungua nikaziweka kando bila kufikiri, kisha nikakumbuka hakuna wa kuzila. Rolan hajanyoa, na hatanyoa mpaka siku ya mia. Amekuwa kama mbuzi wa katekista.

Kuhusu lile jambo. Nilishuka zahanati nikamwuliza nesi, bila kutaja jina, mwanamke akikosa siku zake wiki tatu maana yake nini. Akazitazama mvi zangu akasema, "Bibi, kwako wewe ni uzee." Nikamwambia namwulizia jirani. Akasema vipimo vya mkojo vimemwishia tangu Krismasi, lakini huko Australia vinauzwa madukani kama sabuni. Basi nunua, mwanangu. Pima, uniandikie. Usiniandikie labda tena. Mtu wa umri wangu hawezi kulala juu ya labda.

Mimba ya Ansen niliijua kwa shelisheli ya kuchoma. Harufu yake ilinifukuza jikoni miezi mitatu. Je, hayo machenza yanakunukiaje?

Usinyanyue vizito.

Mama yako,
Hilda


3 Mei

Mama,

Shikamoo, na habari za goti. Huku ubaridi wa asubuhi umeanza, ila mchana jua bado linapiga. Machenza hayanitapishi. Nayapenda zaidi kuliko zamani, na hilo nalo nalihesabu.

Nitakueleza kwa mpangilio ili usiruke mistari.

Gari linatupeleka mjini madukani kila Alhamisi jioni, mara moja tu kwa wiki. Alhamisi ya kwanza baada ya kukuandikia, kabla hata ya jibu lako, nilinunua kipimo. Ni kijiti cheupe, kina kidirisha. Mstari mmoja maana yake hakuna, mistari miwili maana yake kuna. Nilipima usiku ule ule tuliporudi. Ukatokea mmoja. Nikakaa ukingoni mwa bafu nikiutazama, nikaona aibu, kama mtu aliyegonga mlango wa watu wasiomjua.

Nikamwambia Neti. Huu ni msimu wake wa tatu, na ni mtu mzima kwetu sote. Akaniuliza, "Umepima saa ngapi?"

"Saa mbili usiku."

"Baada ya maji ya msimamizi?"

Kweli, Mama. Msimamizi wetu ana woga wa jua. Kila saa hupita na gari lake kati ya mistari ya miti, anasimama mpaka umalize chupa yako mbele ya macho yake. Jioni tunakuwa tumejaa kama nazi changa.

Neti akasema, "Basi hukujipima wewe, umepima bomba. Mkojo wa alfajiri ndio wenye maneno. Rudia."

Alhamisi iliyofuata nikanunua kingine. Ijumaa niliamka kabla ya wote. Nikapima, na kabla sijaona kitu gari likapiga honi, na Losana, mmoja wa wenzetu wa nyumba, yuko mlangoni ananiita jina la samaki, wamelishika wote sasa. Nikakiweka kijiti dirishani, nyuma ya chupa za sabuni ya nywele, nikakimbia.

Siku ile nilichuma kutwa bila kujua ninachuma nini. Mfuko wetu wa machenza unavaliwa mbele, unaning'inia tumboni, na ukijaa unatembea umejipinda nyuma na mkono kiunoni. Wenzangu hutaniana. Losana huuliza, "Wako wa miezi mingapi?" na Neti hujibu, "Huyu leo leo, niletee maji ya moto," kisha hufungua kamba ya chini na machenza yote huporomoka kwenye sanduku. Siku zote mimi hucheka nao. Ijumaa ile niliufungua wangu polepole.

Niliporudi jioni nilikwenda moja kwa moja bafuni na viatu vyangu vya tope. Mistari miwili. Wa pili ni mwembamba, kama uzi wa buibui, unauona ukikielekeza kijiti kwenye mwanga. Lakini upo, Mama. Upo.

Nimekifunga ndani ya kitambaa pamoja na kijiko cha Ansen. Msimamizi sijamwambia, naogopa watanirudisha. Neti hupanda ngazi kwa niaba yangu, mimi nachuma matawi ya chini.

Usimwambie mtu mpaka tumbo liseme lenyewe.

Mwanao,
Marelin


18 Mei

Marelin wangu,

Marahaba mara mia. Goti leo silisikii.

Barua yako niliisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, hakukuwa na mtu ila nguruwe. Siku ile ile nilikwenda kukata majani ya mkadi. Nimeyakwaruza, nimeyaanika, na nimeanza mkeka. Ni mdogo, urefu wa mkono wangu na kiganja. Mtoto huzaliwa na mkeka wake, hawezi kulazwa juu ya wa mtu.

Ulisema nisimwambie mtu. Nilimwambia Elsi mke wa Rolan, peke yake. Elsi naye alimwambia Mungu peke yake, ila alimwambia kanisani, kwa sauti, wakati wa maombi ya wasafiri. Nisamehe. Baada ya ibada wanawake walinishika mikono. Tangu Machi walikuwa wakinishika kama mgonjwa. Safari hii walinishika kama mtu.

Rolan hawezi kuzungumza nami juu ya jambo hili, unajua desturi yetu, lakini ameutengeneza mlango wa nyumba yenu, ule uliokuwa ukiburuta chini. Hakusema kwa nini. Ameupiga randa mpaka unafungwa kwa kidole. Baba yako naye ametuma kiazi kikuu kimoja, kirefu kama mtu, na salamu kwamba ule wewe. Nikamjibu, "Yuko Australia." Akasema, "Basi ukile wewe kwa niaba yake." Nimekila.

Je, unasikia uzito chini ya kitovu? Na miguu inavimba? Niandikie kila kitu, hata kidogo.

Mama yako


24 Mei

Mama,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Machenza ni mengi mwaka huu. Wiki iliyopita mvua ilinyesha siku mbili, hatukufanya kazi. Neti anakusalimu. Naandika kwa haraka maana gari linaondoka.

Usijichoshe kwa kazi nyingi, Mama, mkadi unaumiza vidole.

Marelin


8 Juni

Marelin mwanangu,

Natumaini u mzima. Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi kuliko anwani yake. Hukutaja mtoto.

Najua barua hupishana njiani. Labda wakati unasoma hii, nyingine yenye habari zote imekwisha fika bandarini Santo, inangoja meli ya kuja kwetu. Lakini nakuuliza, maana siku zinakwenda. Siku ya mia ni tarehe 27 ya mwezi huu. Siku hiyo nyumba ya marehemu humtolea baba wa mjane mikeka kumi myekundu, na mjane anakuwa huru, si wetu tena. Akipita hapa anapita kama mgeni. Kama kuna mtoto, mikeka haitoki, mama na mtoto ni wa nyumba hii. Wazee wamekuja mara mbili. Wanasema maombi ya Elsi si ushahidi, wanataka neno lako. Nimewaambia litafika.

Mkeka mdogo umekwisha. Nimeutia rangi pamoja na ile mikubwa, na nyekundu yake imeshika vizuri kuliko yote.

Elsi anasema nikupigie simu ya Rolan. Nimekataa. Nataka kuisoma mwenyewe, mahali pangu.

Mama yako,
Hilda


14 Juni

Mama,

Shikamoo. Barua hii inakwenda na binti wa Santo anayepanda ndege kesho. Ameniahidi kuitia kwenye meli kwa mkono wake. Naomba uketi kabla ya kuendelea.

Hakuna mtoto.

Nilipokuandikia ile barua fupi nilikuwa nimejua kwa siku tisa. Nilikuwa nimeandika tatu kabla yake nikazichana. Kisha ikaja yako yenye mkeka, na mlango, na kiazi cha baba, nikashindwa kabisa.

Ilikuwa Alhamisi. Neti aliomba kukiona kile kijiti. Nikafungua kitambaa, akakigeuza kwenye taa, akaniuliza, "Ulikisoma saa ngapi?"

"Jioni niliporudi."

"Ulipima asubuhi, ukasoma jioni?"

"Gari lilikuwa linapiga honi, Neti. Wewe mwenyewe ulikuwemo."

  Akakitafuta kikaratasi kilichokuja na kipimo, mimi nilikuwa nimekitumia kufungia sindano. Akasoma akifuata maandishi kwa kidole: kisomwe baada ya dakika tatu, zikipita kumi, kisisomwe tena. Akasema, "Mkojo ukikauka huacha alama, kama chumvi kwenye mwamba maji yakishakwenda. Huu si mstari wa mtoto, dada yangu. Ni wa kukauka."

Nikamwambia yeye si daktari. Nikamwambia ana wivu, maana hajazaa. Nilimwambia hivyo, Mama, mtu aliyekuwa akinipandia ngazi.  Asubuhi alinigongea mlango kabla ya wote, ana kijiti kipya alichokinunua jioni ile mjini, na saa ya mkononi. Aliwazuia wenzetu nje ya bafu. Losana akapiga kelele kwamba gari linakuja, Neti akamjibu, "Liambie lipumue." Tukaitazama saa, mimi na yeye, tumekaa ukingoni mwa bafu. Dakika tatu. Mstari mmoja. Tano. Mmoja. Ilipofika ya kumi akakichukua mkononi mwangu, akakivunja, akakitupa, nisije nikakitazama jioni.

Nilikwenda kliniki, nikatolewa damu. Hakuna. Nikamwambia nesi habari za maji ya msimamizi, nikidhani bado kuna mlango. Alikuwa mpole. Alisema maji huweza kuficha mimba ya siku chache, lakini yangu ingekuwa ya miezi miwili na zaidi. Hata ningekunywa mto mzima, mstari wa pili ungejitokeza. Alisema mwili ukipatwa na msiba, ukiongeza kazi ngumu na chakula kidogo, unaweza kuzifunga siku zake wenyewe. Si ugonjwa. Akaniuliza kama nimefiwa. Nikasema ndiyo, mume. Akaandika.

Na Jumatatu hii siku zangu zimekuja. Nilikuwa juu ya ngazi na mfuko umejaa. Nilishuka, nikafungua kamba, nikayaacha machenza yaende chini ya mti, nikakaa. Nafikiri nilikuwa sijamlilia Ansen kabla ya siku hiyo. Nililia tangu Machi, ndiyo, lakini nilikuwa nalia kama mtu ambaye kuna kitu amebakiziwa. Neti alichuma mifuko yangu na yake mpaka jioni. Sijui nitamwomba radhi kwa maneno gani.

Mama, toeni mikeka. Sitaki kukaa kwako kwa uongo, wala wazee wasikuseme kwa ajili yangu. Ule mdogo sijui ufanyweje. Nisamehe kwa vidole vyako.

Kijiko cha Ansen bado nakula nacho. Kama desturi inataka kirudi, niambie, nitakituma.

Aliyekuwa mkweo,
Marelin


2 Julai

Marelin,

Natumaini umelala na umekula. Mimi goti linauma, na leo naliacha liume.

Barua yako ilifika siku mbili kabla ya siku ya mia. Nilikuwa mtoni nasuuza mikeka. Nilikaa kwenye jiwe kama ulivyoniambia. Mikeka mitatu ilichukuliwa na maji, watoto wakaifuata wakairudisha.

Sasa na wewe kaa.

Baba yake Ansen alipofariki, siku zangu zilipotea miezi saba. Nilikuwa bado kijana, Ansen ana miaka minne. Wote walisema nina mimba ya marehemu, na mimi nikasema. Nilitembea mkono kiunoni. Kisha zikarudi, nikiwa shambani nimeinama kwenye magimbi. Sikumsimulia mtu, hata Ansen hakujua. Kwa hiyo barua yako ya kwanza, ile ya Tari, nilipoisoma, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani kilikuwa ile miezi yangu saba, kabla ya kumfikiria mtoto, kabla ya furaha. Nilikuwa na neno la kukuandikia, nikakuandikia habari za shelisheli. Nilikwambia usinitumie labda. Nilikuwa naitaka hiyo labda yako kuliko chakula. Wewe kosa lako ni la siku moja, umesoma kijiti jioni. Langu nimelisuka wiki sita. Nisamehe, mwanangu.

Siku ya mia ilipita. Rolan amenyoa, tumemkuta chini ya ndevu ni mtu yule yule. Baba yako alikuja na ndugu zake. Mikeka ikatandazwa mmoja mmoja mbele ya wazee. Ilipokwisha, baba yako akasema, "Hilda, hesabu."

Nikasema, "Nimehesabu."

"Ni tisa."

"Kumbe unajua kuhesabu."

Elsi akacheka, akajifanya anakohoa. Baba yako akauliza, "Wa kumi uko wapi?" Nikamwambia haujakauka. Akasema, "Kwa jua hili?" Nikamwambia jua ni la Mungu, mkeka ni wangu. Wazee wakabishana mpaka chakula kikapoa. Mmoja akasema tisa ni karibu na kumi. Mwingine akasema desturi haina karibu. Mwishowe wakakubaliana kwamba mjane hajafunguliwa mpaka wa kumi utoke, na kwamba mimi ni mwanamke mgumu. Baba yako alipokuwa anaaga alinishika mkono, na hakuonekana mtu aliyekasirika sana.

Wa kumi ni ule mdogo. Ni mwekundu kama wenzake, na desturi haikutaja ukubwa. Nimeuweka juu ya boriti nyumbani kwenu. Ukirudi na ukitaka kwenda, uteremshe mwenyewe, umpelekee baba yako kwa mikono yako, nami nitakusindikiza mpaka njia panda. Usipotaka, uache pale.

Kijiko usitume. Kula nacho.

Neti mwambie asante kutoka kwangu. Hilo tu, atajua. Msimu wenu unaisha mwezi wa nane, ndivyo ulivyoniambia ulipoondoka. Nimepanda magimbi ya watu wawili.

Mama yako